Kikombe Ulichokiweka Chini

Fiston, mdogo wangu wa tumbo moja,

Barua hii ingeweza kukufikia ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva yeyote wa teksi anayekwenda Kipushi, nawe ungeisoma peke yako, ukaikunja, yakaisha. Nimekataa. Wewe hukunisema faraghani. Ulinisema mbele ya kanisa zima, na kipaza sauti mkononi, kwa hiyo nami nakuandikia mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma: majirani wa Katuba, wateja wetu wa zamani, ndugu zako wa kanisani, na Mjomba pia akiikumbuka miwani yake. Kama yupo asiyetujua, na ajue haya kwanza. Mimi ni dada mkubwa, Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu huku. Wewe ni mdogo. Mama alitulea kwa kupika pombe, na sisi wawili tulikuwa na kiwanda kidogo cha bia katika gereji ya nyumba aliyotuachia. Mama amekufa. Kiwanda bado kipo, ila wewe umeondoka.

Nina hasira, Fiston. Nalisema mapema ili usije ukasema Yaya alianza vizuri akamalizia vibaya. Lakini kabla ya hasira kulikuwa na mambo mengine, na hayo ni yangu pia. Siwezi kuyakana eti kwa sababu wewe umeyakana.

Unakumbuka mizizi ya munkoyo ikiwa imeanikwa juani penye ukuta wa jikoni? Mama aliiponda mwenyewe, hakumpa mtu mchi. Aliitia kwenye uji wa mahindi uliopoa kidogo, na uji ule mzito ukawa mwepesi mbele ya macho yetu, jambo ambalo hata leo, baada ya kupika bia miaka hii yote, bado linanishangaza. Kisha alituita, akatufumba macho, akatutia kijiko mdomoni. "Semeni iko namna gani." Mimi kila mara nilisema ni tamu, kwa sababu nilitaka kijiko cha pili. Wewe ulikuwa na meno ya utoto bado, lakini siku moja ulikunja uso ukasema, "Inakwaruza hapa," ukionyesha pembeni mwa ulimi. Mama alionja tena, akaenda kufunua chungu. Kipande cha mzizi kilikuwa kimesahauliwa ndani, kimeanza kutoa uchungu wake. Tangu siku hiyo alimwambia kila mteja aliyekaa kwenye benchi letu: "Huyu, ulimi yake haidanganyake."

Nilikuonea wivu kidogo. Baadaye nikaanza kujivunia ulimi ule kama vile ni wangu.

Wazo la kiwanda lilikuwa lako. Ulikuwa ukihudumu kwenye mgahawa mmoja kule Karavia, ambako wageni wa migodi huagiza bia za ng'ambo zenye rangi za ajabu, na kila chupa ngeni ilipofunguliwa ulihakikisha umeonja tone. Ulirudi nyumbani, ukakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukasema: "Yaya, bale ba biwanda bikubwa banapikaka bia ya kiu. Siye tupike bia ya ulimi." Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alituonyesha gereji ambamo gari halijawahi kulala, akatuambia tutoe takataka.

Tulipika tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya shayiri na mahindi, nyepesi, ya watu wa mchana. Ya pili ilikuwa nyekundu, ya mtama, na ndani yake asali ya msituni ambayo Mjomba, kaka yake Mama, alitutumia kutoka Kambove. Ya tatu tuliiita Ya Mama, kwa sababu tulitia mzizi wa munkoyo pamoja na yale maua makavu machungu, houblon, yanayoletwa kutoka mbali, na uchungu wa aina mbili ukakutana humo kama wakwe wawili kwenye sebule moja. Mara ya kwanza walipigana. Ilituchukua muda kuwapatanisha. Wewe ndiye uliyewapatanisha, nasema kweli, kwa kukataa, kukataa, kukataa mpaka nikatamani kukumwagia ndoo kichwani.

Jumamosi asubuhi ilikuwa yetu. Bila kahawa, bila kitunguu, bila sabuni ya manukato. Kuna siku nilikuja nimejipaka mafuta yangu ya ua la waridi, ukanirudisha bombani kama mtoto wa shule mwenye masikio machafu. Tulimimina bia kwenye glasi nyembamba, tukaiinua dirishani kutazama rangi, tukangoja povu lishuke, tukanusa mara ya kwanza upesi na mara ya pili polepole. Kisha tukaipasha kidogo kwa viganja, kwa sababu baridi huficha makosa, wewe ndiye uliyenifundisha hilo. Ndipo tukanywa, tukameza, tukangoja tena tuone imeacha nini nyuma ya koo.

Halafu kura yetu. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaopima bia kwa nafaka. Uliogopa kwamba mimi mkubwa nikisema kwanza, wewe utafuata kwa heshima, basi ukaleta vikombe viwili vya plastiki na sahani ya mahindi na maharagwe. Kila mmoja aligeuka ukutani, akatia punje yake, akafunika kwa kiganja. Hindi ni kuuza. Haragwe ni kumwaga. Tukafunua pamoja. Haragwe moja tu lilitosha, hata kama mwingine ametia hindi.

Mara ngapi ulinitilia haragwe! Ile nyekundu niliyoipika nikiwa na furaha, ambayo nilikwisha kuiahidi kwa arusi, niliitilia hindi bila hata kufikiri. Nikafunua kikombe chako, haragwe. Niligomba. Nilikuita mchawi wa furaha za watu. Wewe ukaniambia ninuse tena na nifikirie sufuria ya mahindi ya kuchemsha. Nikanusa. Ilikuwepo, Fiston, harufu ile ya mahindi ya kuchemsha, chini kabisa, nyuma ya asali. Tuliimwaga yote mferejini, na jirani yetu Mama Odile, muuza makala, yaani mkaa, akashika kichwa akalia: "Jamani, bale bantu beko bazimu! Banamwanga bia!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nadhani sikuwahi kukupenda kama nilivyokupenda siku hiyo, ukiwa umenikosesha arusi nzima na una povu kwenye viatu. Nilijua kwamba duniani yupo mtu mmoja ambaye hatanidanganya hata nikimwomba anidanganye.

Basi sikiliza mahali ambapo usaliti wako ulianzia. Ulianzia kwenye kukubali.

Mama alikuwa amekufa, tuko ndani ya kilio, na tulirudi kazini kwa sababu hatukujua kukaa. Jumamosi ya kwanza ulitia hindi. Ya pili, hindi. Nyeupe, hindi. Nyekundu, hindi. Nilidhani majonzi yamekulainisha. Nilifikiri hata, Mungu anisamehe, kwamba labda mimi nimekuwa mpishi bora. Na ulikuwa na tabia mpya: badala ya kunywa mezani uliondoka na glasi yako mpaka dirishani, ukanipa mgongo, ukisema unataka mwanga wa kweli. Ulirudi na glasi tupu na midomo imelowa. "Iko muzuri, Yaya. Iko muzuri sana." Ulikuwa husemi tena ni nzuri kwa nini.

Wiki ile niliyoshikwa na mafua sikunusa hata kitunguu kikiungua. Nikakwambia: "Fiston, leo weye peke yako." Ulikwenda dirishani, ukarudi, ukatia hindi. Bia ikaenda Karavia, kwenye terasi ya baa ya mama mmoja aliyekuwa mteja wetu mkubwa. Akapiga simu: "Mama, hii bière yenu iko na harufu ya beurre. Bateja banarudisha glasi." Nikamjibu nini? Nilimjibu kwamba ulimi wa ndugu yangu umeipitisha, na kwamba labda glasi zake ndizo hazioshwi vizuri. Nilimtukana mwanamke wa watu kwa ajili ya ulimi wako. Mafua yalipoisha nilifungua chupa moja iliyobaki, na siagi ilikuwemo, wala haikujificha, kama mkate uliopakwa. Mteja alikuwa amekwisha kwenda kwa wengine. Nilikaa na chupa ile mapajani, nikajiambia, masikini Fiston, huzuni imemwondolea ladha. Nilikuonea huruma. Leo huruma ile inanichoma kuliko hasira.

Kisha ikaja siku ya kumaliza kilio cha Mama.

Kwa wale wasiojua desturi ya kwetu: pombe ya kilio hainywewi hivi hivi. Aliyepika hajishuhudii mwenyewe. Mtu wa damu yake huonja kwanza, mbele ya macho ya wote, anameza, ndipo kikombe kinazunguka. Wazee wengine wanasema ilianza kwa hofu ya sumu. Mama alikuwa akisema ni adabu tu, kama kubisha hodi. Lakini hakuna mtu katika ua ule, awe mkubwa au mdogo, asiyejua kukataa kunasema nini.

Nilipika Ya Mama. Niliipika kama mtu anayeandaa uso wake kwa ajili ya picha ya mwisho. Mjomba alikuja kutoka Kambove na koti lake la kazi za zamani, watu wa parokia walikuja, ua ukajaa. Mjomba alijaza kile kikombe cha bati cha Mama, akakuita katikati. "Fiston, onjea bantu." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gereji, kitambaa begani, nikitabasamu. Ulikipokea kwa mikono miwili. Ulikiangalia. Ukaangalia nyuma, kwenye viti vya mwisho, walipokaa watu wenye mashati meupe ambao nilidhani ni rafiki zako wa mpira. Kisha ukainama, ukakiweka kikombe chini, mchangani.

"Juu ya nini, Fiston?" Mjomba aliuliza.

"Siwezi, Mujomba."

"Hauwezi nini? Sema."

Hukusema. Neno moja lingetosha. Ungesema, "Nimeokoka, sinywi tena," watu wangenung'unika kidogo, mwingine angekutania kwamba umewaachia wao sehemu yako, Mjomba angeonja badala yako, na ngoma ingeendelea. Tuna waliookoka katika kila nyumba ya mji huu, hawali watu na hawaliwi. Lakini watu wa parokia ya Mama walikuwa mbele yako, na watu wa kanisa lako jipya walikuwa nyuma yako, na wale wa mbele hawakujua kwamba umehama, na wengi wa nyuma hawakujua kwamba unapika bia. Ulitaka kubaki safi pande zote mbili. Kwa hiyo ulininyamazia mimi.

Niliwaona akina mama wakivuta watoto wao karibu. Nilikimbia, nikaokota kikombe, nikanywa chote mpaka mchanga wa chini ukaniingia menoni. "Munaona? Munaona basi?" Na Mjomba, ambaye alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, alisema polepole bila kunitazama: "Mutoto, mwenye kupika anajuaka dawa yake." Hapo nikajua nimekwisha. Mmoja akakumbuka mgonjwa nyumbani. Mwingine akasema mvua inakuja, na mbingu ilikuwa wazi. Hata wali uliachwa kwenye sahani. Nilipokutafuta, ulikuwa umetoka kwa mlango wa nyuma.

Na bado nilikutetea, unajua? Niliwaambia ndugu kwamba umeugua tumbo. Nilisema atakuja, ataeleza, mpeni siku kadhaa.

Aliyeniletea habari ni Mama Odile. Alikuja bila makala, mikono mitupu, akasimama mlangoni hakutaka kukaa. Anasali kanisani kwenu, hilo sikulijua. "Mama, miye sitaki matatizo," alisema, "lakini ile ndugu yako alisema pale mbele, haiko vizuri." Nikamwambia aseme. Akasema kwamba ulisimama ukatoa ushuhuda. Kwamba ulisema, "Bwana alinishika mukono juu ya kile kikombe. Kama ningekunywa, leo mungekuwa munanizika." Kwamba watu walipiga vigelegele na mchungaji akakukumbatia. Nilimuuliza ulianza lini kusali pale. Alinitazama kwa mshangao. "Tangu wakati wa baridi, Mama. Alibatizwa zamani. Haukujua?"

Wakati wa baridi! Kabla ya siagi, kabla ya mahindi yale yote. Nilikwenda dirishani, pale pa mwanga wako wa kweli. Nilitoa kichwa nje. Ukutani, kutoka dirishani mpaka chini, kulikuwa na michirizi ya kahawia iliyokauka kama sukari, na sisimizi wakipanda na kushuka kwa mstari, wamenona, wenye furaha. Jumamosi zetu zote ulikuwa umewanywesha sisimizi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kitakula kikikutabasamia na kukuambia iko vizuri sana.

Nilikuja Kipushi. Unajua, lakini wasomaji hawajui. Kipushi si Ulaya, ni karibu, mtu anaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, ila wewe tangu kanisa lilipokupeleka huko kusaidia tawi lao jipya umekuwa mbali kama marehemu. Ulinikuta langoni. Umevaa suti. Umependeza, sitaficha. Hukunikaribisha ndani. Nilikuuliza, "Ni nini uliona ndani ya pombe yangu, Fiston?" Uliangalia viatu vyako.

"Yaya, sikuona kintu."

"Basi juu ya nini ulisema vile?"

"Nilianza kusema tu vile niliacha kunywa. Njo bantu bakaanza kulia. Bakauliza, ilikuwa kikombe ya nani? Nikasema ya kwetu. Bakalia zaidi. Ilienda, Yaya. Sikuweza kuirudisha."

"Na mwanzo? Juu ya nini haukuniambia umeacha?"

Hapo ulinitazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuogopa. Kiwanda ilikuwa roho yako. Nilisema, Yaya akijua nimeacha bia, ataona nimemwacha yeye."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Yana ukweli ndani yake, naukubali, na ndiyo maana yanauma. Lakini Fiston, mimi? Uliniogopa mimi, niliyekuosha masikio? Kuacha pombe si kosa. Mama mwenyewe aliacha katika Kwaresima zote nilizozishuhudia, akapika na kuuza bila kuonja, akamwita jirani amwonjee. Ungeniambia, ningelia kidogo, sitakudanganya, ningelilia ule ulimi wako. Kisha ningekupa kazi ya chupa, au ya asali, au ningekupikia kinywaji cha tangawizi ili tukae mezani pamoja. Wewe ukachagua kuniacha na mtu anayefanana na wewe, anayetia mahindi kwenye kikombe.

Nilikuomba pale langoni urudi ukaseme kweli. Ulisema utaona namna. Ulisema mchungaji anakutegemea. Kumbe ushuhuda wako unasafiri: umeupeleka mpaka Kambove, kwenye mji wa Mjomba, na nasikia kila unapofika kikombe kinaongezeka uzito. Sasa kinatoa moshi. Sasa kuna mjusi ndani yake. Mpishi gani huyo anayetia mjusi kwenye bia ya munkoyo, Fiston? Hata uongo unatakiwa uwe na ladha.

Sasa nikwambie naishi vipi. Pipa moja tu linafanya kazi. Nyekundu sipiki tena, kwa sababu Mjomba hatumi asali. Wanaokuja kununua ni watu wa mbali, wasionijua jina, na wakilijua hawarudi. Hilo ningeweza kulivumilia, biashara hupanda na kushuka, umeme ukikatika tunapoteza bia nzuri na tunaendelea. Lakini juzi binti wa jirani alikuja na kidumu chake kuteka maji bombani kwangu, kama watoto wa mtaa huu walivyofanya tangu enzi za Mama. Mama yake akamwita kutoka barabarani, kwa sauti ya haraka, ya hofu. Mtoto akamwaga maji aliyokwisha kuteka, akaenda. Ni maji, Fiston. Ya bomba. Nilibaki nimesimama nikiangalia yakiingia ardhini.

Jumamosi bado naonja, peke yangu. Nainua glasi, nanusa, napasha kwa viganja. Sina wa kugombana naye. Mara nyingine natia haragwe kwenye bia ambayo ni nzuri, kwa sababu sijiamini, naimwaga na baadaye najuta. Mara nyingine nasema kwa sauti, "Inakwaruza wapi?" na ninangoja, kama mwendawazimu. Nimekukosa. Hili ni jambo la aibu kuliko yote niliyoandika humu, kwamba mtu aliyeniharibia jina ndiye yule yule ninayetaka aniambie kama bia yangu ni nzuri.

Wiki hii wamebandika mabango mtaani kwetu. Moja liko ukutani kwa fundi cherehani, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Uso wako ni mkubwa, wametia mwanga nyuma ya kichwa chako, na chini wameandika kwamba yule aliyeponea kikombe cha kifo atashuhudia kwenye uwanja wa Katuba, Jumamosi hii mchana. Watu wanapita, wanasoma, wanageuka kutazama nyumba yangu. Sijui kama wewe uliliona bango kabla halijachapwa. Natumaini hukuliona. Unaona jinsi ninavyoendelea kukutetea?

Basi haya ndiyo ninayotaka, na si mengi. Sikuombi urudi kwenye kiwanda. Sikuombi uache kanisa lako, na kama Mungu amekupa amani humo, ibaki nawe. Nataka useme mbele ya watu wale wale, kwa kipaza sauti kile kile, kwamba uliacha pombe kwa hiari yako muda mrefu kabla ya siku ile, na kwamba pombe ya dada yako haikuwa na kitu. Inasemeka kwa pumzi moja. Mchungaji wako anaweza kupiga vigelegele kwa hilo pia akitaka.

Nitakuja. Nitavaa kitenge changu cha kilio cha Mama, na nitakaa kiti cha mbele kabisa, hata kama itabidi nifike kabla hawajapanga viti. Usiogope, sitapiga kelele. Nitakusikiliza utakapoimba, nitasikiliza utakaposoma, nitasema amina penye amina. Ila utakapofika mahali pa kikombe, nitasimama. Hilo tu. Nitasimama nikuangalie, na uwanja mzima utajua dada mwenyewe ndiye huyu. Ndipo utawaambia watu, ukinitazama machoni, kwamba nilitaka kukuua.

Ukiweza kulisema nikiwa nimesimama mbele yako, nitakwenda nyumbani, nitafunga gereji, na sitakutafuta tena Kipushi wala popote. Ukishindwa, ukanyamaza, hata kunyamaza nakukatalia safari hii. Kimya chako nakijua. Kilinila siku ya kilio. Jumamosi nataka sauti.

Barabara ya kutoka Kipushi ina vumbi siku hizi. Uje salama, ufunge kioo cha gari.

Mimi niliyekubeba mgongoni,
yaya wako mpaka Jumamosi.